Mafahali Wanne Zizi Moja

Ukionekana Garsen umebeba samaki hai ndani ya ndoo, watu hawakuulizi ni wa aina gani. Wanakuuliza mbona hujamkaanga. Nimeulizwa hivyo kwa miaka thelathini na moja na swali hilo bado linanichekesha, kwa sababu kazi niliyoipenda kuliko zote katika miaka hiyo ilikuwa kuwapangia watu samaki ambao hawataiona karai kamwe.

Wadogo zangu mliobaki kituo cha uvuvi, mmeniomba niandike kumbukumbu. Najua mlitarajia vyeo na semina. Vyeo vimo kwenye faili, na faili limo kwenye lile kabati ambalo mlango wake haujafungika tangu nilipoajiriwa, basi someni mkipenda. Mimi nitawaandikia habari za jamaa za perege, wale wadogo wenye rangi wanaofugwa ndani ya sanduku la kioo sebuleni. Wataalamu wanawaita sikilidi. Mkiniona nimeanza kupayuka, nivumilieni, maana nikiwafikiria tu damu inanichemka kwa furaha.

Siku ya kwanza nilikuja kazini na viatu vya kisigino. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Msimamizi wa mabwawa alikuwa Fundi Kazungu, Mgiriama mfupi aliyezungumza kwa kunong'ona kana kwamba samaki wamelala. Akavitazama viatu vyangu, akanipa ndoo. Asubuhi hiyo tulikuwa tumepokea vifaranga vya perege waliosafiri ndani ya mapipa kutoka mbali. Mimi nikawahurumia, nikaona wamechoka, nikawamwaga bwawani mara moja wakapumzike. Haikupita nusu saa wakaanza kuelea matumbo juu.

Fundi Kazungu hakunigombeza. Alinishika mkono, akautia ndani ya pipa, kisha akautia bwawani. Pipa lilikuwa baridi, bwawa lilikuwa uji. Akaninong'oneza kwamba samaki hana blanketi wala feni, maji ndiyo nguo yake, na mimi nimewavua nguo wale watoto wa watu mbele ya jua. Tangu siku hiyo sijawahi kumwaga samaki. Naiacha ndoo ielee juu ya maji mapya, naongeza kikombe, nasubiri, naongeza kikombe kingine, mpaka maji ya ndani na ya nje yafanane. Inachukua saa nzima. Mwenye haraka akauze matikiti.

Zana zangu mnazijua. Kipimajoto kilichofungwa kwa uzi wa ndoano. Kikombe cha plastiki kilichovunjika mpini. Kisanduku cha chupa ndogo za dawa ya matone ya kupimia maji. Na sahani yangu nyeupe ya bati, ambayo Fundi Kazungu alinipa alipostaafu yeye. Samaki ukimweka kwenye sahani nyeupe yenye maji, unamwona vizuri: matamvua yana rangi gani, pezi limekatika wapi, tumbo limejaa au limebonyea. Nimewaachia sahani hiyo kwenye rafu. Mtu asiitumie kulia wali.

Kioo cha kwanza kilitufikia kwa bahati. Mwalimu mmoja alipata uhamisho, kioo chake hakikuenea kwenye lori, akatuachia. Fundi Kazungu alitaka tukitumie kuwekea chakula cha samaki, panya wasikifikie. Nikambembeleza, nikakijaza maji, nikatia perege watano. Wallahi, watu waliokuja kutafuta leseni ya uvuvi walisahau kilichowaleta. Watu waliovua na kula perege tangu utotoni walikuwa hawajawahi kumtazama usoni.

Baadaye nikakutana na mfugaji mmoja wa Mombasa aliyeuza samaki wa mapambo. Akanionyesha wale wa Ziwa Nyasa: wa manjano kama embe bivu, wa samawati, wa rangi ya kutu, wenye mistari. Nikawatazama taya, nikawatazama lile pezi la mgongoni lenye miiba, nikamwambia hawa ni perege waliovaa nguo za sikukuu. Akacheka, akasema ndiyo, ni jamaa moja. Lakini akakataa kuniuzia. Alisikia kwamba maji ya kisima cha Garsen yana chumvi.

Nilirudi nimekasirika. Nikachota maji ya kisima chetu, yale yale mnayoyalaani kila siku, yanayoharibu chai na kukataa sabuni isitoe povu. Nikadondosha matone ya dawa. Samaki wa Ziwa Nyasa wanataka maji magumu yenye chokaa, na yule bwana alikuwa ameniambia kwamba dawa ikigeuka samawati nzito ndiyo pale pale. Ikageuka samawati ya sare ya shule. Nilipiga kigelegele ofisini peke yangu, mlinzi akaja mbio akidhani ni nyoka. Maji ambayo mji mzima uliyatukana yalikuwa ndiyo maji ambayo watu wa Nairobi wanayatengeneza kwa dawa. Kumbe tulikuwa tumekalia hazina, tunailaumu kwa kuharibu chai.

Yule mfugaji akakubali kuniuzia, nami nikaanza kuwapangia watu vioo. Mwenye duka, daktari, mwalimu, mama mmoja mwenye hoteli ya maziwa na mahamri. Kila mtu alianza kwa kunionyesha rangi anazozitaka, na mimi nikaanza kwa kumwuliza maji. Samaki wa mito ya Amazoni wanataka maji laini, usimfunge huyo na wa Nyasa nyumba moja hata wakipendeza wote wawili. Nikishamaliza maji nauliza chakula, kwa maana wale wa Nyasa wanaoishi kwenye mawe, wanaoitwa mbuna, hula ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe hayo, na ukiwapa nyama kila siku wanavimba tumbo na kufa. Nikishamaliza chakula natazama mdomo. Anayeenea mdomoni mwa mwenzake si mwenzake, ni kitoweo. Mwenye duka alibisha hilo. Alimnunua samaki wa Amazoni akiwa saizi ya kidole gumba, mpole, anakula mkononi. Baada ya miezi minane samaki huyo alikuwa mwenye nyumba asiye na mpangaji hata mmoja.

Halafu kuna rangi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mbuna ni nguo yenyewe: dume humchukia zaidi yule anayefanana naye. Usiweke wa samawati wawili wa kabila tofauti ukidhani watapendana kwa kufanana. Haya yote nilikuwa nayajua, na nilikuwa nayasema kwa sauti ya mtu anayejua. Hata hivyo kila kioo nilichopanga kilipoteza samaki wawili watatu mwezi wa kwanza, nami nikiwaambia wenyewe ndiyo bahati, samaki ni samaki. Nilikuwa naamini hivyo kweli, mpaka nilipofika nyumbani kwa Sadia.

Sadia ni muuguzi hapa mjini. Babake, Mzee Barisa, ni mfugaji wa Kiorma aliyeishi malishoni maisha yake yote akitembea nyuma ya ng'ombe. Ugonjwa wa sukari ulimpiga mguuni. Kidonda kilifunguka chini ya kisigino, Sadia akamleta mjini akae naye, kidonda kioshwe na kufungwa kila baada ya siku moja. Mzee akatoroka. Mara ya kwanza alipanda lori la ng'ombe, mara ya pili akabebwa na pikipiki ya mpwa wake. Kila alipoletwa tena kidonda kilikuwa kimeingia ndani zaidi. Daktari alimwita Sadia kando akamwambia wazi kwamba akitoroka mara ya tatu, mguu utakatwa, na akichelewa sana hautakuwa mguu peke yake.

Siku moja Sadia alipita kituoni kununua perege, baba yake akiwa naye. Tulipomaliza kupima samaki tukamkuta mzee ameketi mbele ya kioo changu, fimbo magotini, anatazama. Tukamngoja. Alikaa saa nzima na ushee. Sadia akanivuta nje, macho yamejaa.

"Mama Jillo, nifanyie kama hiki sebuleni," akasema. "Anasema nyumba yangu haina kitu kinachopumua cha kutazama asubuhi. Nikimpatia hicho, atakaa."

Nikamwambia atakaa. Nilisema upesi mno, kama kawaida yangu.

Nikapanga kwa mbwembwe zangu zote. Fundi wa vioo akatengeneza kioo cha lita mia tatu. Nikaweka kichujio na betri ya sola, kwa sababu stima ya Garsen ina tabia zake. Mawe yalikuwa kazi: delta yetu haina jiwe, unaweza kulima kutoka kwetu Idsowe mpaka Kilelengwani na jembe lisigonge kitu. Nikayapata ya matumbawe kwa mafundi wa nyumba, yale yanayoletwa na malori kutoka upande wa Malindi, nikayachemsha na kuyasugua. Kisha nikapanga ndani ya kioo kama mtoto wa mkulima nilivyo. Kwetu shamba ni ukanda unaoanzia ukingo wa mto ukaenda ndani, na kila ukoo unaujua mpaka wake hata mafuriko yakifuta kila kitu. Amani, nilivyolelewa mimi, ni mpaka ulio wazi. Nikajenga vichuguu vinne vya mawe, katikati mchanga mweupe. Aina nne za mbuna, dume na jike kila aina, kila jozi na kichuguu chake. Walipofika wenye mistari nikawatia kwanza, nikawapa siku tatu wazoee shamba lao. Kisha wa samawati, siku tatu. Kisha wa kutu. Kisha wa manjano.

Nilikuwa nimekipenda kioo hicho mpaka nikamleta mume wangu kukiona. Mzee Barisa alisema tu kwamba mnyama asiyetoa maziwa ni mgeni asiyeondoka. Lakini kila asubuhi, Sadia aliniambia, alikuwa ameshaketi hapo kabla chai haijachemka.

Wiki ya pili Sadia akapiga simu. Dume wa samawati amekufa, mapezi yameliwa yote. Kesho yake jike wa manjano. Keshokutwa jike wa mistari mwenyewe, mke wa yule dume. Nilipofika nikalikuta dume la mistari linazunguka kioo kizima kama askari wa kaunti sokoni, na wanne waliobaki wamejibana nyuma ya bomba la kichujio. Vile vichuguu vyangu vizuri havikuwa na mtu.

Na mzee alikuwa amefunga kifurushi chake. Sadia alikuwa amesimama mlangoni. Mzee aliniambia hawezi kukaa nyumba ambayo mifugo inakufa kila siku na mchungaji anaitwa kwa simu. Heri ya malishoni, huko akifa ng'ombe angalau unajua ni ukame. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka yote ile nimewaambia watu ni bahati, na sasa bahati yangu inamkata mtu mguu.

Nikakimbilia methali. Nikasema, mzee, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mzee Barisa akanitazama, kisha akacheka. Sadia aliniambia baadaye hakuwa amemsikia akicheka tangu alipoletwa mjini.

"Nani alisema?" akauliza. "Huyo hakuwa na ng'ombe."

Akaketi. Akaanza kunihoji, kwa Kiswahili chake cha malishoni, na mimi nikajibu kama mwanafunzi. Nani aliingia kwanza? Yule wa mistari. Alikaa peke yake siku ngapi? Tatu. Akasema basi hiyo boma ni yake, mimi mwenyewe nimempa, na hawa wengine nimewaleta kama wezi. Akaniuliza majike mangapi kwa kila dume. Nikasema moja moja. Hapo mzee alimgeukia binti yake kabisa, kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Fahali moja, ng'ombe moja," akasema taratibu. "Hiyo ng'ombe itapumzika saa ngapi?"

Kisha akaeleza. Kwao, familia mbili zikitaka kuunganisha mifugo, hawaingizi ng'ombe wa huyu kwenye boma la yule. Fahali hagombanii majani, anagombania mahali alipolala jana. Basi wanazitoa ng'ombe za pande zote mbili siku moja, wanaziswaga pamoja mwendo mrefu mpaka zichoke na kunuka vumbi moja, na jioni zinafika mahali pa tatu ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kulala. Yule fahali mkorofi sana anaachwa nyuma, anakuja siku nyingine, anawakuta wenzake wameshapajua. Na usiwaweke wachache. Wakiwa wachache mkorofi anachagua mtu wa kumwonea, wakiwa wengi hajui aanze na nani. Mwisho akayanyooshea fimbo mapango yangu ya mawe, yenye mlango mmoja mmoja, akasema pahali pa mlango mmoja si nyumba, ni mtego.

Nilitamani kukimbia na kuruka. Wadogo zangu, nilikuwa nimesoma vitabu na kuzungumza na watu wa Mombasa, na huyu mzee ambaye hajawahi kufuga hata kambare amekifungua kioo changu chote kwa maswali matatu. Nikamwomba wiki mbili. Nikamweleza kwamba samaki wapya lazima niwatazame kituoni kwanza wasije na ugonjwa. Akafikiri sana. Akasema atangoja aone kama huyu mama anajua kusikia. Kifurushi akakiacha kimefungwa, kando ya mlango.

Niliagiza samaki wa kutosha kufanya aina nne, kila aina dume mmoja na majike matano. Kwa wale wa manjano mwuzaji mwenyewe alikisia, maana dume na jike wanavaa sawa. Lile dume la mistari nililihamishia kituoni, likakaa kifungoni kwenye ndoo kubwa. Siku ya kuhamia tulitoa kila kitu. Wa zamani na wapya wote waliingia kwenye beseni moja la kufulia, wakasongamana humo saa nzima huku mzee akiwatazama kwa kuridhika, akisema sasa wananuka vumbi moja. Nikavunja vichuguu. Nikajenga mawe upya kutoka pembe hadi pembe, matundu kila upande, kila pango na mlango wa nyuma. Hakuna mpaka. Roho ya Idsowe iliniuma lakini nikaifanya. Kisha wote wakaingia kwa pamoja, na siku ya nne lile dume la mistari likafuata.

Liliingia kwa kishindo. Likamfukuza wa samawati, akapita mlango wa nyuma. Likamfukuza wa kutu, likakutana na majike sita njiani, likasahau lilikuwa linamfukuza nani. Likatafuta lile jiwe lake la zamani. Halikuwepo. Ndani ya saa moja lilikuwa linachuna ukoga pamoja na wengine kama mtu aliyekuja harusini bila kadi. Mimi nilikuwa nimemshika Sadia mkono namfinya. Wiki ikapita, wiki ya pili, mwezi. Hakufa hata mmoja. Mafahali wanne zizi moja, na mzee akawapa kila mmoja jina la Kiorma kwa rangi ya ngozi, kama anavyowaita ng'ombe wake. Kifurushi kikafunguliwa. Kidonda, Sadia akaniambia, kimeanza kuota nyama nyekundu safi.

Kisha mvua ikanyesha malishoni.

Mtoto wake wa kiume alipiga simu kwamba majani yameota mpaka magotini na ng'ombe wamenawiri. Sadia akanipigia akiwa zamu. Mzee amevaa kiatu kwenye mguu ulio mzima, amechukua fimbo, pikipiki imeitwa. Daktari alikuwa amesema wiki sita zaidi, zisipungue hata moja. Akaniomba nitangulie nyumbani, nimwambie mzee samaki wanaumwa, nimwambie chochote.

Nilimkuta mbele ya kioo amesimama kwa mguu mmoja na fimbo, kifurushi begani. Hakuniamkia. Alininyooshea jike mmoja wa manjano.

"Hii haikuli siku kumi na moja," akasema. "Mdomo imevimba. Umeniletea mgonjwa?"

Siku kumi na moja. Mimi ningehitaji daftari kujua hivyo. Nikainama, nikamtazama yule jike, na moyo ukanilipuka. Taya limejaa, limening'inia kidogo, anatafunatafuna bila kula kitu. Nikamwambia mzee si mgonjwa, ana mimba, na mimba yenyewe ameibeba mdomoni. Mayai yake yote yamo humo, yanaanguliwa humo, na hatakula kitu mpaka awateme watoto, asije akameza mwanawe. Mzee akashusha kifurushi ili atazame vizuri. Wakati huo Sadia naye akaingia mbio na sare yake ya hospitali, akasimama nyuma ya baba yake.

"Inazaa lini?" mzee akauliza.

Sadia akaniinulia vidole sita. Wiki sita. Nilimwelewa, na nilitaka kusema sita. Mguu wa mtu ulikuwa unaning'inia kwenye ulimi wangu. Lakini mbuna huyu hubeba wiki tatu tu, siku kumi na moja zimeshapita, na mbele yangu amesimama mtu ambaye angezihesabu siku zote bila kukosea hata moja. Na kuna jambo moja ambalo Fundi Kazungu hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na sababu nzuri: hakuwahi kumpa mfugaji siku isiyo ya kweli. Nikasema siku kumi.

Sadia alinitazama kana kwamba nimemuuza baba yake mnadani. Nje pikipiki ilipiga honi. Mzee alihesabu, midomo inacheza.

"Na ikizaa," akasema, "ndama inalala na hawa?"

Nikasema hapana. Wakilala na hawa wataliwa wote kabla ya asubuhi. Lazima watengwe kwenye kioo chao, wapewe chakula kilichosagwa laini kama unga, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na maji yabadilishwe kidogo kila siku, mpaka wafike urefu ambao hawaenei mdomoni mwa mkubwa.

"Muda gani?"

"Miezi miwili, mzee. Huenda ikazidi."

"Nani atakaa nao?"

Hapo ndipo nilipoona ukweli unakwenda wapi, nikashika mdomo wangu kwa nguvu nisiuharibu. Sadia yuko hospitali mchana kutwa. Mimi niko kituoni. Nikasema hivyo hivyo, kwamba sijui. Mzee Barisa alitutazama sisi wawili kwa zamu, wanawake wazima wenye mishahara ambao hawawezi kukaa na ndama. Akaketi kwenye kiti. Akaanza kuvua kiatu.

"Sadia, pigia ndugu yako," akasema. "Mwambia mimi sikuji. Nina ng'ombe inazaa hapa mjini."

Sadia alikwenda jikoni kupiga simu, na kutoka sebuleni tulimsikia akilia huku anaongea. Mimi nilitoka nje kumpa pole mwenye pikipiki.

Yule jike aliwatema watoto kumi na sita, siku ya kumi, saa ya chai, na mzee alinipigia mwenyewe kunieleza, kwa simu ambayo Sadia aliapa hajui kuitumia. Aliwalisha mara tano kwa siku kwa kufuata adhana. Kila baada ya siku moja alinyoosha mguu ukaoshwa na kufungwa, bila kubisha, macho yakiwa kwenye kioo. Wawili walikufa na akawahuzunikia vya kutosha. Kumi na wanne wakakua.

Siku yangu ya mwisho kazini mlikuwepo, mlinunua keki, mnakumbuka tulikuwa tunaikata. Mnakumbuka pia mzee wa Kiorma aliyeingia getini na ndoo ya samaki wa manjano, nyinyi mkacheka kwamba Mama Jillo analetewa kitoweo cha kustaafia, na mkashangaa kwa nini nilidondosha kisu. Alikuwa ametembea kutoka kwa Sadia mpaka kituoni, jua lile, bila pikipiki. Nilitazama miguu kwanza. Ilikuwa miwili, ndani ya viatu viwili vipya, na ina vumbi.